Ulaini wa Uji Huanzia Wapi: Unga, Maji na Moto katika Jiko la Dodoma

Uji laini, ule unaoteleza kooni bila chenga wala mabuja na unaobaki na uzito wa kupendeza hata unapoanza kupoa, huhesabiwa na watu wengi kuwa kipaji cha mpishi: fulani ana mkono wa uji, fulani hana. Ukifuatilia kwa makini yanayotokea tangu nafaka inapopelekwa mashineni hadi uji unapomiminwa kikombeni, utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wanga, na wanga una tabia zake ambazo hazijali nani ameshika mwiko. Makala haya yanaeleza tabia hizo kwa kuzingatia nafaka, maji na majiko yanayotumika Dodoma na maeneo ya jirani, kwa sababu uji wa mtama uliolimwa Kongwa haupikwi kwa namna moja na uji wa sembe ya pakiti, na mpishi anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya sembe peke yake atajikuta akiulaumu mtama bila kosa.

Kwanza yapasa kutenganisha ulaini na uzito, kwa maana mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi. Uzito wa uji hutegemea ni kiasi gani cha wanga kimefura ndani ya maji, ilhali ulaini hutegemea kama kuna kitu chochote ambacho ulimi unaweza kukitambua peke yake: kipande cha pumba, chenga ya nafaka isiyosagika, buja lenye unga mbichi ndani, au punje ya mchanga. Kwa hiyo uji unaweza kuwa mwepesi kama chai na bado ukakwaruza, na unaweza kuwa mzito wa kuliwa kwa kijiko na bado ukawa laini kabisa. Anayeongeza maji ili kuondoa mkwaruzo anatibu ugonjwa usiokuwapo, na anayeongeza maziwa au siagi anaufunika tu, ingawa nakiri kwamba huufunika kwa ladha nzuri.

Wanga wa nafaka umehifadhiwa ndani ya punje katika chembe ndogo mno, ambazo kwa mahindi zina upana wa takriban maikromita 5 hadi 25. Chembe hizo haziyeyuki katika maji baridi. Koroga unga kwenye bakuli la maji ya kawaida, uuache dakika chache, na utaukuta umetuama chini huku maji yakianza kuwa maangavu juu yake. Maji yanapopashwa moto, chembe huanza kunywa maji na kufura. Kwa wanga wa mahindi jambo hili hutokea hasa kati ya nyuzijoto 62 na 72 za Selsiasi, na kwa wanga wa mtama kati ya nyuzijoto 68 na 78 hivi. Zikiendelea kufura, sehemu ya wanga iitwayo amilosi, ambayo katika nafaka za kawaida ni kama robo ya wanga wote, huchuruzika nje ya chembe na kuenea katika maji. Chembe zilizofura zikisongamana, na amilosi ikatanda kati yake, maji hupoteza nafasi ya kutembea kwa uhuru, nasi tunaona uji umekuwa mzito. Badiliko hilo huja kwa ghafla: sufuria iliyokuwa na maji meupe kwa dakika kadhaa huwa nzito ndani ya muda mfupi sana, na ndio muda ambao mpishi hatakiwi kuacha mwiko hata kama kuna mtu anabisha hodi.

Mabuja nayo yanatokana na tabia hiyohiyo. Unga mkavu ukimwagwa katika maji yanayochemka, unga wa nje wa kila fungu hukutana na joto kabla ya wenzake wa ndani, hufura papo hapo na kutengeneza utando wa wanga ulioiva, na utando huo huyazuia maji kupenya hadi katikati. Kilichobaki ndani ni unga mkavu uliofungiwa, na kadiri unavyochemsha ndivyo utando unavyozidi kuwa imara. Kupiga kwa mwiko huyavunja mabuja makubwa yakawa madogo, lakini mara nyingi yale madogo hubaki. Yakishatokea, ni afadhali kuupitisha uji wote kwenye chujio mapema, kabla haujawa mzito, kuliko kupigana nao kwa nusu saa.

Kinga yake ni kuulowesha unga kikamilifu kabla haujakutana na joto. Kwa uji wa kunywa, kikombe kimoja cha unga huhitaji vikombe vinane vya maji kwa jumla, na kwa uji mzito kidogo vikombe sita vinatosha. Vikombe viwili kati ya hivyo viwe vya maji baridi, navyo ndivyo vya kuvurugia unga: anza na maji machache, ukande hadi upate rojo zito lisilo na donge, kisha uongeze maji yaliyobaki kidogokidogo. Rojo zito husugua madonge yakavunjika, ilhali rojo jepesi huyaacha yaelee. Maji mengine yakikaribia kuchemka, vuruga tena rojo lako, kwa sababu katika dakika hizo unga umekwisha kutuama, halafu ulimimine taratibu huku mkono wa pili ukikoroga. Wapo wanaoanza na maji yote yakiwa baridi na kuukoroga unga jikoni tangu mwanzo hadi unapochemka. Njia hiyo ni salama zaidi kwa asiyezoea, ila haikuruhusu kuondoka jikoni, kwani unga unaotuama chini ya sufuria hushika na kuungua kabla maji ya juu hayajapata moto. Nyumba nyingi za Dodoma zina kipekecho cha kupikia mlenda, na kifaa hicho, kikizungushwa kati ya viganja, huvuruga rojo la uji vizuri kuliko mwiko wa ugali.

Baada ya uji kuwa mzito, mkono unapaswa kutulia. Chembe zilizofura ni dhaifu, na kuzipiga kwa nguvu kwa muda mrefu huzipasua, nao uji huanza kunata na kuvutika badala ya kuteleza. Dosari hii huonekana zaidi katika uji uliochanganywa na unga wa muhogo kuliko katika uji wa nafaka tupu.

Kuhusu moto, kuna jambo la mahali ambalo halitajwi sana. Jiji la Dodoma liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzijoto moja kila unapopanda mita 300, maji ya Dodoma huchemka karibu na nyuzijoto 96, wakati yale ya Dar es Salaam huchemka karibu na 100. Tofauti hiyo haizuii wanga kufura, kwa maana nyuzijoto 96 ni nyingi mno kuliko zinazohitajika, lakini vipande vya pumba na chenga ngumu hulainika polepole zaidi. Kwa sembe, dakika 15 baada ya uji kuanza kutokota zinatosha. Kwa dona na ulezi ni vizuri kufika dakika 20 hadi 25. Na kwa mtama dakika 30 si nyingi. Dalili ya kuiva ni kwamba harufu ya unga mbichi imetoweka na uso wa uji umeanza kung'aa; uzito peke yake si dalili, kwani uji huwa mzito mapema sana, muda mrefu kabla haujaiva. Wengi wanaolalamika kwamba uji wao una ladha ya vumbi wameuepua kwa sababu waliuona mzito.

Anayetumia gesi hupunguza moto kwa kugeuza kitufe. Anayetumia mkaa analazimika kutoa makaa mawili matatu au kuyafunika kwa majivu mara tu uji unapochemka, la sivyo ule wa chini utaungua wakati wa juu bado unahitaji muda. Sufuria nene husaidia. Uji uliokwisha kushika chini usikwanguliwe. Mimina ulio juu katika sufuria nyingine na uendelee, kwa sababu harufu ya moshi ikishasambazwa haitoki kwa sukari wala kwa maziwa.

Sasa tuje kwenye nafaka zenyewe, ambako ndiko penye tofauti kubwa. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, yaani yaliyoondolewa ganda na sehemu kubwa ya kiini kabla ya kusagwa, hivyo hutoa uji laini bila taabu, lakini pamoja na pumba vimeondoka vitamini, madini na mafuta yaliyokuwa humo. Dona husagwa na kila kitu chake. Mkwaruzo wa uji wa dona ni vipande vya ganda, na vipande hivyo havifuri hata vikichemshwa hadi jioni, kwa sababu si wanga. Dawa yake ni mashine yenye wavu wenye matundu madogo na, nyumbani, chekeche. Anayenunua mahindi kwa gunia, iwe katika soko la Kibaigwa au kwa mkulima, ana nafasi ya kumwomba msagaji abadilishe wavu au arudie kusaga. Anayenunua pakiti dukani hana nafasi hiyo, na chekeche ndilo kimbilio lake.

Ukanda huu hupata mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na mtama na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi. Ndiyo sababu nafaka hizi ni chakula cha jadi cha Ugogo, na ndiyo sababu kituo cha Hombolo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kimezishughulikia kwa miaka mingi. Mtama una mambo mawili yanayomsumbua mpishi wa uji. La kwanza ni kwamba wanga wake umezungukwa na protini ngumu ambayo, ikipikwa katika maji, hukaza zaidi na kuzuia chembe kufura sawasawa. Muda mrefu wa kupika na ule wa kuloweka hupunguza tatizo hilo. La pili ni ukakasi. Mtama wa rangi ya kahawia una tanini nyingi katika ganda, na tanini hujishika na protini zilizomo katika mate, kinywa kikahisi ukavu. Hisia hiyo hufanana sana na ya kukwaruzwa, kiasi kwamba mtu huurudisha unga mashineni ukasagwe tena akidhani haujasagika vizuri, na anarudi nao ukiwa mwororo kama poda lakini uji wake ni uleule. Kusaga hakuondoi tanini. Suluhisho ni kukoboa kabla ya kusaga, au kuchagua mtama mweupe, kama ule wa aina ya Macia ambao wakulima wengi wanaufahamu.

Uwele una tatizo la aina nyingine kabisa. Kiini chake ni kikubwa ukilinganisha na ukubwa wa punje, na kina mafuta mengi kuliko cha nafaka nyingi, hivyo unga wake huharibika haraka baada ya kusagwa: mafuta yakikutana na hewa na vimeng'enya vya punje yenyewe, huanza kunuka na kuacha uchungu kwenye ulimi. Punje nzima za uwele zikihifadhiwa pakavu hukaa miezi mingi, ila unga wake ni wa siku chache, labda wiki moja au mbili kama nyumba ni ya baridi. Saga kidogo. Mafuta hayohayo, unga ukiwa mpya, ndiyo yanayoupa uji wa uwele ulaini ambao sembe haiwezi kuufikia bila kusaidiwa na maziwa.

Ulezi ndio unaopendwa zaidi kwa uji, na kwa haki, kwani ladha yake haihitaji kusindikizwa na kitu. Una kalsiamu inayozidi miligramu 300 katika kila gramu 100, kiwango ambacho mahindi, mtama na uwele haviufikii hata kwa mbali. Adui wa ulaini hapa ni mchanga, kwa sababu punje za ulezi ni ndogo kama mchanga wenyewe na mara nyingi hupurwa juu ya ardhi. Kupeta peke yake hakutoshi. Ulezi unapaswa kuoshwa katika beseni la maji, ukakorogwa na kumiminwa polepole katika chombo kingine ili mchanga ubaki chini, na zoezi hilo lirudiwe mpaka beseni lisiache kitu. Kisha uanikwe juani juu ya turubai safi mpaka ukauke barabara, maana ulezi wenye unyevunyevu hugandamana ndani ya mashine. Ukishasagwa usiuchekeche kupita kiasi: sehemu kubwa ya kalsiamu iko katika ganda, na chekeche la nyavu ndogo sana litakupa uji mwororo uliopoteza kile ulichoununulia.

Ipo njia ya kuupata ulaini wa juu kabisa bila mashine ya kusaga, nayo ni ya kusaga kwa maji. Ulezi au mtama mweupe uliosafishwa hulowekwa usiku kucha, maji yake humwagwa, kisha nafaka husagwa katika blenda pamoja na maji mapya na kuchujwa kwa chujio la chai au kitambaa safi. Maji meupe yanayopita ndiyo yanayopikwa. Punje iliyonywa maji husagika bila kutoa vumbi wala chenga, na hakuna buja linaloweza kutokea kwa sababu hakuna unga mkavu. Njia hii ni ya kazi, na makapi yanayobaki hupunguza lishe kiasi, kwa hiyo sioni kuwa ni ya kila siku. Inamfaa mgonjwa anayeanza kula, au mgeni unayetaka kumkirimu.

Upo pia unga wa lishe, ambao katika masoko mengi, soko la Majengo la Dodoma likiwamo, huuzwa kwa sifa ya wingi wa vitu vilivyomo: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga na vinginevyo. Kwa upande wa ulaini, mchanganyiko wa namna hii ni mgumu kuupika vizuri, kwa sababu kila nafaka inaiva kwa joto na muda wake. Mchele na mahindi vikishakuwa tayari, mtama bado una safari. Kwa upande wa lishe, soya isiyokaangwa au kuchemshwa vya kutosha ina vizuizi vya mmeng'enyo wa protini, na karanga zinazosagwa pamoja na nafaka hutoa mafuta yanayoziba wavu wa mashine na kuufanya unga wote uharibike kwa kasi ya karanga. Nafaka moja au mbili zilizosagwa peke yake, zikaongezewa karanga au maziwa wakati wa kupika, hutoa uji bora kuliko nafaka kumi zilizokaa gunia moja mwezi mzima. Najua wauzaji hawatakubaliana nami.

Karanga, kwa vile hulimwa kwa wingi katika ukanda huu, zinastahili maelezo zaidi. Zikikaangwa, zikamenywa na kutwangwa mpaka zitoe mafuta, huwa rojo linaloupa uji ulaini wa kweli, kwa kuwa matone madogo ya mafuta yake hutawanyika na kushikiliwa na wanga uliofura. Ukilitupa rojo hilo moja kwa moja sufuriani litabaki vipande vipande, kwa hiyo chota uji kidogo katika bakuli, lilainishe humo, kisha ulirudishe dakika tano kabla ya kuepua. Hata hivyo karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na kuvu wanaotoa sumukuvu, na mwaka 2016 ugonjwa uliotokana na sumu hiyo ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara na kusababisha vifo. Sumukuvu haiondolewi kwa kuchemsha, na hakuna muda wa kupika uji utakaoimaliza. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi isiyo ya kawaida, zenye ukungu au uchungu, na mahindi yaliyovunda, hutengwa na kutupwa kabla ya kusagwa. Ukishasaga huwezi tena kuzitambua. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtoto, ambaye anaweza kunywa uji wa unga uleule kila siku kwa miezi.

Mtoto ndiye anayeifanya tofauti ya ulaini na uzito kuwa ya lazima. Gramu 100 za unga wa nafaka zina takriban kilokalori 350. Zikipikwa katika lita moja ya maji hutoa uji wa kunyweka wenye kilokalori kama 35 katika kila gramu 100, na tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo: atashiba maji kabla hajashiba chakula. Mama akiongeza unga maradufu ili kupata nguvu zaidi, uji unakuwa mzito kiasi cha kumshinda mtoto kuumeza, naye, kwa kuona mtoto anaukataa, anauongezea maji na kurudi alikoanzia. Mduara huu ulitambuliwa zamani, na katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, walishughulikia njia ya kuuvunja kwa kutumia kitu ambacho watengenezaji wa pombe za kienyeji na togwa walikuwa wakikijua siku zote, yaani kimea.

Punje inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha amilasi kwa ajili ya kukatakata wanga wake uwe chakula cha mche. Punje hiyo ikikaushwa na kusagwa, amilasi inabaki hai ikisubiri maji na joto. Pika uji mzito, mzito kabisa kama unataka kuusonga, kisha uuepue na uuache upoe hadi nyuzijoto 50 au 60 hivi, yaani uwe wa moto wa kuvumilika lakini usioweza kunyweka mara moja. Weka kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe cha uji na ukoroge. Ndani ya dakika chache utaona uji uliokuwa unashika mwiko ukilegea na kuanza kumiminika, na utamu kidogo ukijitokeza, kwa sababu minyororo mirefu ya wanga imekatwa kuwa mifupi ambayo haina tena uwezo wa kuyazuia maji. Unga ni uleule, nguvu ni ileile, lakini sasa unapita kwenye kijiko cha mtoto. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, amilasi itauawa na joto na hutaona chochote. Ukikitia ukiwa umepoa kabisa, itafanya kazi kwa uvivu. Baada ya kulegea, uji wa mtoto urudishwe jikoni uchemke tena kwa dakika chache, kwa vile kimea ni unga mbichi uliokaa na unyevu siku kadhaa na hauwezi kukosa vijidudu.

Kimea hutengenezwa nyumbani kwa kuloweka ulezi au mtama usiku mmoja, kuuchuja, kuutandaza katika kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, na kuuanika juani hadi ukauke. Kwa mtama ni lazima chipukizi na vimizizi vipukutishwe na kutupwa kabla ya kusaga, kwa sababu mtama unapochipua hutengeneza humo kiini cha sumu ya sianidi. Ulezi hauna hatari hiyo, na kwa anayeanza ningependekeza ulezi.

Amilasi haitoki kwenye kimea peke yake. Mate ya binadamu yanayo pia, na hilo linaeleza kwa nini uji aliouacha mtoto bakulini, ukichovywachovywa kwa kijiko kilichotoka mdomoni, huwa majimaji baada ya muda, na kwa nini mpishi anayeonja kwa mwiko na kuurudisha sufuriani, uji ukiwa umekwisha kupungua moto, huweza kujikuta na uji uliolegea bila sababu anayoijua. Onja kwa kijiko kingine.

Uchachu ni mlango mwingine wa ulaini, na ndio wa zamani zaidi. Unga ukivurugwa kwa maji ya uvuguvugu na kuachwa siku moja au mbili, bakteria wa asidi ya laktiki huongezeka, huleta uchachu na, wakati huohuo, chembe hunywa maji na protini ngumu ya mtama hulegea. Uji unaopikwa kwa rojo hilo huwa mwororo kuliko wa unga uleule usiochachushwa. Togwa hufuata mpangilio tofauti: uji hupikwa kwanza, hupozwa, hutiwa kimea, kisha huachwa uchachuke hadi kesho yake, hivyo amilasi na bakteria hufanya kazi pamoja na kinywaji huwa chepesi.

Ugumu huanza pale mtu anapotaka uchachu na maziwa katika sufuria moja. Protini kuu ya maziwa, iitwayo kasini, huganda asidi inapozidi, na joto huharakisha mgando huo. Maziwa yanakatika na uji unajaa vipande vyeupe ambavyo watu huvidhania kuwa mabuja. Unga wa ubuyu, ambao Dodoma haukosekani, una asidi ya kutosha kusababisha hilo, vivyo hivyo limau na ukwaju. Anayetaka ubuyu na atie ubuyu, baada ya kuepua na uji ukiwa umepungua moto, akitumia rojo la karanga kama mbadala wa maziwa. Anayetaka maziwa ayatie mwishoni mwa mapishi katika uji usio na uchachu na ayaache yachemke mara moja tu. Wote wawili wakikaa nyumba moja, uji wa msingi unaweza kuwa mmoja na kila mtu akamalizia kikombeni mwake.

Sukari nayo itiwe mwishoni, kwa sababu ikiwa nyingi tangu mwanzo hugombania maji na wanga na kuchelewesha kufura. Chumvi haina athari ya maana kwa ulaini, ila maeneo yenye maji ya visima vya chumvichumvi yanahitaji uonje kwanza.

Uji ulioiva unaendelea kubadilika. Unapopoa, amilosi iliyoenea hujipanga upya na kushikamana, na uji huzidi kuwa mzito. Juu yake, ambako maji yanapotea kwa mvuke, hutanda ngozi. Kufunika sufuria na kukoroga mara mojamoja huzuia ngozi hiyo, na ikishatokea iondolewe, kwani ukiikoroga ndani itakuwa mabuja mapya. Kwa anayeweka uji katika chupa ya chai ili aupeleke ofisini au sokoni, inafaa uwe mwepesi kidogo kuliko anavyoupenda, kwa maana joto la ndani ya chupa huendelea kuzifurisha chembe. Chupa hiyo iwe inayotunza moto kweli: mbegu za baadhi ya bakteria hustahimili kuchemka, na uji wa vuguvugu ni malisho yao, hivyo usikae saa nyingi chini ya nyuzijoto 60. Uliobaki upozwe haraka, uhifadhiwe kwenye friji, na siku ya pili upashwe kwa kuongezewa maji ya moto kidogokidogo huku ukivurugwa kwa kipekecho; hautarudi kuwa kama ulivyokuwa jana, lakini utanyweka.